Jina Ni la Nani? Mambo, Jumla na Kijiti cha Muhogo



Kisha mkutano wetu uliopita, yaya mmoja alisimama akasema neno lililopigiwa makofi: «Hawa watu walichukua pembe, walichukua kasiterite, sasa wanachukua hata maneno ya kinywa chetu.» Alikuwa anasema juu ya programu mbili za kompyuta. Moja inaitwa Ubuntu, neno la ndugu zetu wa Afrika Kusini ambalo kwetu ni «utu». Nyingine inaitwa Joomla, na hii ni neno letu kabisa: ni «jumla», iliyoandikwa vile Mwingereza anaisikia. Mimi pia nilipiga makofi. Lakini nilifika nyumbani na haya kidogo, ju hadithi ya Joomla naijua, na haisemi vile. Inasema kitu kingine, na hicho kitu kinatugusa sisi wa hapa kuliko neno lililochukuliwa.

Acha nisimulie, kisha niseme fasi ninayokubali na fasi ninayokataa.

Mwaka 2000, sosiete moja ya Australia inayoitwa Miro ilianza kutengeneza programu ya kusimamia tovuti, yaani ya kumsaidia mtu kuweka habari na picha kwenye intaneti bila kuwa injinia. Wakaiita Mambo. Mwaka 2001 wakaiachilia kwa watu wote, chini ya lisansi inayoitwa GPL. Lisansi hii siyo ile yetu ya kuvaa toga na kupiga picha na mama. Ni karatasi ya ruhusa. Inasema: chukua programu, soma maandishi yake ya ndani, badilisha, gawia wengine, hata uuze, lakini unapowapa wengine, uwape na haki ile ile uliyopewa wewe.

Sisi wa agronomia hii haitusumbui. Ni kijiti cha muhogo. Jirani anakukatia vijiti, unapanda kwako, muhogo unaota, unakula. Mwaka unaofuata mwingine anakuja kuomba, naye unamkatia. Hakuna anayebisha hodi kudai muhogo wako ju kijiti kilitoka shambani kwake.

Basi watu wa nchi mbalimbali wakaja kulima shamba la Mambo. Wengi walikuwa wajitolea: mchana kazi ya kulipwa, usiku kazi ya Mambo. Programu ikapata zawadi, ikajulikana. Lakini kitu kimoja hakikuwa ndani ya ile karatasi ya ruhusa: jina. Jina Mambo lilibaki mkononi mwa Miro. GPL inakupa programu. Haikupi jina la programu. Jina liko chini ya sheria nyingine, ile ya alama za biashara, ambayo hapa kwetu tunaiita marke.

Agosti 2005, Miro ikaunda shirika, Mambo Foundation, kwa kusema kwamba litasimamia programu na kulinda watu wake. Watengenezaji wakuu wakakataa. Walisema hawakuulizwa ipasavyo, kwamba muundo wa lile shirika unavunja maelewano ya mbele kati ya Miro na komite ya usimamizi, na kwamba kanuni zake haziendi pamoja na roho ya kazi ya bure iliyo wazi kwa wote. Tarehe 17 Agosti 2005 wakatoka kwa pamoja. Aliyekuwa mbele yao ni Andrew Eddie. Wakatafuta mashauri ya wanasheria wa Software Freedom Law Center ya Marekani, wakawaandikia watumiaji barua ya wazi kueleza kwa nini wameondoka.

Walitoka na nini? Na vijiti. Maandishi yote ya programu walikuwa na haki ya kuyachukua, ju GPL iliwapa haki hiyo kama ilivyompa kila mtu. Tarehe 1 Septemba wakatangaza jina jipya: Joomla, kutoka «jumla», wakieleza maana yake kuwa «wote pamoja». Katikati ya mwezi huo huo toleo la kwanza likatoka. Ukiliangalia ndani, lilikuwa karibu Mambo ile ile, makosa machache yamerekebishwa, jina limebadilishwa.

Na Miro? Ilibaki na jina, lile lenye zawadi. Mwaka 2008 kundi lingine la watengenezaji likaondoka tena, na mwaka huo huo Mambo ikatoa toleo lake la mwisho. Shamba likarudi pori. Jina lilikuwa Mambo, na kweli mambo yakawa mengi.

Hadithi hii inapendwa kusimuliwa kama ushindi: wengi, wote pamoja, wamemshinda tajiri mmoja. Hapo njo mimi nina ukosoaji wangu, na ni wa pande tatu.

Kwanza, wale watu hawakushinda jina. Walilipoteza. Walishinda ju walikubali kulipoteza haraka. Kati ya kuondoka na kutangaza jina jipya zilipita wiki mbili tu. Hawakukaa miaka wakigombania neno. Na haraka ile haikutoka kwa ujasiri peke yake. Ilitoka kwa karatasi iliyoandikwa miaka minne mbele, wakati bado wanapendana. Bila GPL wangetoka mikono mitupu, na leo hakuna mtu angejua kama walikuwepo. Kwa hiyo anayesema «umoja uliwaokoa» amesema nusu. Umoja uliwatoa, karatasi iliwalisha.

Pili, neno «wote pamoja» lisitudanganye. Joomla nayo ni marke. Inashikwa na shirika lisilo la faida lililoandikishwa Marekani, Open Source Matters. Ukitaka kutumia jina Joomla kwenye anwani ya tovuti yako ao kwenye kitu unachouza, kuna kanuni za kufuata na ruhusa za kuomba. Yaani wale waliomkimbia mwenye jina, wao pia wakawa wenye jina.

Hapa yaya wetu angepiga meza: «Munaona!» Lakini mimi sioni unafiki. Fikirieni gunia la mbegu. Karatasi ya SENASEM juu ya gunia inasema mbegu hii imepimwa, ni ya aina fulani, inaota. Mchuuzi akichota mpunga wa kula, akaujaza ndani ya gunia lenye karatasi ile, utajua lini? Siyo siku ya kununua. Utajua shambani, nguvu zako zimekwisha na mvua imekwisha kupita. Karatasi ile haimkatazi mtu yeyote kulima mpunga. Inamkataza kudanganya kwamba mpunga wake ni ule uliopimwa. Ndiyo kazi ya marke ikifanya kazi vizuri: inamlinda mkulima, hata mbele ya kumlinda mwenye mbegu.

Ndiyo sababu hata ile Ubuntu hainiumizi sana. Aliyeianzisha mwaka 2004 ni Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, na sosiete yake Canonical ndiyo inashika jina. Canonical haiwezi kunikataza kusema utu, kufundisha utu, ao kuandika wimbo wa utu. Jina linalindwa katika mambo ya kompyuta tu. Lakini angalieni kilichotokea mwaka 2013. Mtu mmoja wa Marekani alifungua tovuti ya kuonyesha watu namna ya kuzima sehemu za Ubuntu zilizokuwa zinapeleka nje maneno ambayo mtu anatafuta kwenye kompyuta yake. Canonical ikamwandikia kwamba anatumia jina na alama yake bila ruhusa. Kelele zikawa kubwa, na Shuttleworth mwenyewe akakubali hadharani kwamba barua ile ilikuwa kosa. Hapo ndipo marke inaharibika: ilitungwa ili mnunuzi asidanganywe, ikatumika kumnyamazisha anayekosoa. Karatasi ni ile ile, mkono umebadilika. Kwa hiyo ulizo la kweli siyo «neno lilitoka lugha gani?» Ulizo ni: nani anashika jina, anaulizwa na nani, na anaweza kuondolewa namna gani?

Tatu, na hapa agronomia inanisaidia tena: kijiti cha muhogo kinabeba ugonjwa. Munajua mosaiki. Unakata kijiti kwenye shamba lenye majani yaliyojikunja, unakipanda kwenye udongo mpya kabisa, na majani yanatoka yamejikunja vile vile. Kuhama siyo kupona. Watu wengi wanafikiri ukitoka kwa mkubwa mbaya, ukaanzisha chako, ubaya umebaki nyuma.

Mfano ni WordPress, programu ya kazi ile ile ya Joomla, na inayotumika kuliko zote. Nayo ilianza kama kijiti: mwaka 2003 Matt Mullenweg na Mike Little walichukua programu ya mbele yao, b2, ambayo kazi yake ilikuwa imesimama, wakaiendeleza kwa jina jipya. Mwaka 2010 marke ya WordPress ikapelekwa kwa shirika lisilo la faida, WordPress Foundation. Watu wakasifu: jina sasa ni la wote. Lakini haki ya kulitumia jina lile kibiashara ilirudishwa kwa Automattic, sosiete ya Mullenweg mwenyewe. Na tovuti ya WordPress.org, fasi ambayo wote wanachukulia programu na marekebisho, ilibaki mkononi mwake yeye.

Kwa miaka mingi hakuna aliyeona shida. Septemba 2024 ikaonekana. Mullenweg akagombana na sosiete nyingine, WP Engine, akisema inakula kwenye jina la WordPress bila kuchangia kazi. Ilidaiwa asilimia 8 ya mapato yake, kisha ikafungiwa mlango wa WordPress.org, na wateja wake ambao hawakugombana na mtu wakakosa marekebisho. Tarehe 2 Oktoba WP Engine ikaenda mahakamani California, na tarehe 10 Desemba 2024 jaji akaamuru mlango ufunguliwe wakati kesi inaendelea.

Mullenweg anaweza kuwa na haki kwenye lile la kuchangia. Kula shamba la wote bila kushika jembe ni aibu, hata pale kisheria inaruhusiwa. Lakini oneni muundo: shirika, sosiete na tovuti, ofisi tatu, na mtu mwenye sauti kubwa kwenye zote ni mmoja. Kuita kitu «foundation» hakukifanyi kuwa cha wote. Mambo Foundation ilikuwa foundation pia.

Sasa nirudi Kindu, ju sikuandika yote haya kwa kuwahukumu watu wa Australia na California.

Mwaka 2021, tulipomaliza masomo, tulikuwa sita bila kazi. Tukaanza kukusanya bei za soko. Mara mbili kwa wiki tulipita masoko ya hapa mjini, tukaandika bei ya mchele, mpunga, unga wa muhogo na mafuta ya ngazi, kisha tukawatumia ujumbe wakulima wa vijijini, wale wa njia ya Kasongo na wale wanaoshuka na mto. Mulimaji akijua bei mbele ya kushuka, mchuuzi hamuchezi. Tulitumia KoboCollect kwenye telefone zetu, programu ya bure ambayo wengi wenu munaijua kwenye kazi za utafiti. Nayo ni kijiti: imejengwa juu ya ODK Collect iliyotoka Chuo Kikuu cha Washington, ikapewa jina lake yenyewe, na zote mbili zinaendelea kuishi.

Mmoja wetu alikuwa na kompyuta na makuta kidogo. Akafungua ukurasa kwa namba yake ya telefone. Akatengenezesha kashe kwa franga zake. Tukamshukuru. Hakuna aliyeandika kitu, ju kati ya ndugu karatasi ni matusi, njo vile tulifikiri.

Mwaka 2023 shirika moja likaja na msaada. Mwenzetu akatia sahihi peke yake. Tulipomuuliza, alijibu bila hata kupandisha sauti: «Jina ni langu, kashe iko kwangu, namba ni yangu. Mukitaka, mufanye yenu.»

Tukapanda hasira. Miezi minne tuligombana. Tulienda kwa wazee, tukaenda kwa chefu wa kartie, tuliitana wezi mbele ya watu. Na kwa miezi hiyo minne hakuna aliyepita sokoni kuandika bei. Yeye hakuwa na watu wa kupita. Sisi hatukuwa na moyo. Baba mmoja akashuka na pirogi, magunia manane ya mpunga, akauza kwa bei ambayo mchuuzi alimtajia. Alikuwa na deni la shule ya watoto. Nilipokutana naye bandarini aliniambia: «Mulinyamaza. Mimi nilizoea kungoja ujumbe wenu, nikangoja, haukuja. Heri musingeanza.»

Kwa muda mrefu nilimlaumu yule mwenzetu peke yake. Bado namlaumu, alichofanya siyo uungwana. Lakini nilipojua hadithi ya Mambo na Joomla, jibu lake lilianza kunichoma kwa namna nyingine. «Mufanye yenu.» Si ndilo jambo lenyewe waliofanya wale watu mwaka 2005? Fomu za Kobo zilikuwa mikononi mwetu. Mamas wa soko walikuwa wanajua sura zetu, hawakujua kashe. Namba za wakulima tulikuwa nazo. Tungeweza kubadilisha jina Jumapili na kurudi sokoni Jumatatu. Vijiti vyote vilikuwa mgongoni mwetu, na sisi tukabaki kugombania ubao wenye jina la shamba. Wale walilala bila jina wiki mbili. Sisi tulilala bila kazi miezi minne, na hasara akalipa baba wa mpunga.

Kwa hiyo ukosoaji wangu wa mwisho unatuhusu sisi. Tunapenda sana kulalamika kwamba neno letu lilichukuliwa mbali huko, ju kulalamika hakutuombi kitu. Kuketi na kuandika nani anashika kashe, hiyo inatuomba ujasiri wa kumuuliza rafiki ulizo baya wakati bado tunacheka naye.

Mwaka huu tumeanza upya, watu watano, kwa jina jipya. Tunaandika statuti, vile sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya asosiasio zisizo na faida inavyodai. Tumeweka mambo manne ambayo zamani tungeona ni matusi. Jina ni la asosiasio, siyo la mtu, hata kama mtu ndiye alilitunga ao alilipia kashe. Na siku tukiwa na uwezo wa kuliandikisha kama marke Kinshasa, litaandikishwa kwa jina la asosiasio. Namba ya telefone na neno la siri la ukurasa vinajulikana na watu wawili ambao hawatoki nyumba moja. Anayeshika jina hawezi kuwa peke yake anayetia sahihi kwenye makuta. Na la nne, ambalo tulibishana juu yake usiku mzima: fomu na orodha za bei ni za kila mwanachama, anayeondoka anaondoka nazo, anaacha jina tu.

Hilo la nne liliwatisha wengine. «Si tunawapa njia ya kututoroka?» Ndiyo, tunawapa. Prezida anayejua kwamba watu wanaweza kuondoka na vijiti vyao, atawasikiliza. Yule anayejua kwamba wamefungwa kwa jina, atawasikiliza kwa nini?

Yaya aliyesema juu ya maneno yetu, nakuheshimu, na najua uchungu wako unatoka fasi ya kweli. Lakini mkutano unaokuja mimi nitasimama na ulizo dogo, na ninaliweka hapa mapema ili asiwepo wa kushtuka. Asosiasio yetu hii ya waliosoma ina jina, ina ukurasa huu munaosoma, ina namba, ina kashe. Nani anavishika? Imeandikwa wapi? Na kesho tukikosana, mdogo wetu anayemaliza masomo mwaka huu ataondoka na nini mkononi?

Kama jibu liko tayari, tutalisoma mbele ya wote na mkutano utakuwa mfupi. Kama haliko, tuje na kalamu, wakati bado tunapigiana makofi.